Chemba ya Wote, Mzigo wa Nani?

Ndugu msomaji, kama unaishi katika nyumba ya kupanga yenye familia zaidi ya moja, bila shaka umekwisha kuisikia hodi ya aina hii. Ni Jumamosi asubuhi, chai haijaepuliwa jikoni. Mlangoni amesimama jirani yako; mkononi ana daftari la shule lililokunjwa, na kalamu ameichomeka nyuma ya sikio. Anakuamkia kwa heshima, kisha anatoa habari yake: chemba imejaa tena, na kila mlango unatakiwa utoe shilingi elfu kumi na tano.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa kwanza atasema yeye hayupo nyumbani mchana kutwa, hivyo maji anayoyatumia ni machache. Wa pili atasema yeye ni kapera. Wa tatu atauliza kazi ya mwenye nyumba ni ipi ikiwa kodi ya miezi sita amekwisha kuipokea. Wa nne atanyoosha kidole kwa yule mwenye watoto wengi. Maneno yakiisha, saa sita ya mchana imefika, daftari lina majina mawili tu, na maji machafu yamepanda kidole kimoja zaidi.

Mwezi Novemba mwaka jana hodi hiyo ilipigwa mlangoni kwangu, nami niliijibu kwa kutaja sheria. Nataka nikusimulie jambo hilo jinsi lilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo hainipi sifa, kwa kuwa naamini wengi wetu tunaoishi katika nyumba za namna hii tumo katika kisa hiki, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nyumba tunayopanga ipo katika Wilaya ya Nyamagana, mwendo wa dakika chache kutoka Mto Mirongo. Ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, yenye milango minane: minne chini na minne juu. Nyuma kuna ua wa saruji, karo la kufulia, kamba za kuanikia nguo, na chemba tatu zenye mifuniko ya zege. Maji ya jikoni, ya bafuni na ya chooni ya milango yote minane hushuka katika bomba moja, yakapita chini ya ua, yakapita chini ya vyumba viwili ambavyo mwenye nyumba aliviongeza baadaye, ndipo yakatoka kwenda kuungana na bomba kuu la maji taka la mji lililoko barabarani.

Mwenyeji wa Mwanza hahitaji kuambiwa kwamba mji wetu umekaa juu ya mawe. Hapa mtu hachimbi msingi, anapasua. Fundi anayetandaza bomba anatakiwa alipe mteremko, na kanuni ya kawaida kwa bomba la inchi nne ni kwamba lishuke sentimita moja katika kila sentimita arobaini. Mteremko ukipungua, maji huenda na uchafu hubaki. Mchanga wa kusugulia masufuria hutuama, mafuta ya kukaangia huganda juu yake, na magamba ya sato hujishika humo humo. Halafu siku moja njia hufungwa.

Na maji yakifungiwa njia hayaulizi nani ana hatia. Hurudi nyuma, yakatafuta tundu lililo chini kuliko matundu mengine yote. Katika nyumba yetu tundu hilo lilikuwa katika bafu la mama mmoja anayekaa mlango wa mwisho wa chini, mama wa watoto pacha, ambaye jioni hukaanga samaki barazani na kuwauzia wapita njia. Sisi wa juu hatukuona kitu. Tuliendelea kuoga na kufua, na kila ndoo tuliyoimwaga ilimfikia yeye. Wahenga wanasema aliye juu mngoje chini. Lakini katika mambo ya maji taka, aliye juu hashuki. Kinachoshuka ni taka zake.

Siku ya mkutano wa uani, mwenye nyumba alipigiwa simu. Jibu lake lilikuwa fupi: mnaotumia ni ninyi, changishaneni. Basi wapangaji wakaanza kutafuta mwenye kosa, na haikuchukua muda wakampata. Ni nani mwingine kama si mkaanga samaki? Mafuta yake ndiyo yameganda, wakasema. Mmoja akapendekeza kwamba yeye alipe nusu, na nusu iliyobaki wagawane wengine. Mama yule alijitetea kwamba mafuta yake hayamwagi, huyachuja akayatumia tena, na yakichakaa huyauza kwa debe. Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilisimama na kusema sitatoa hata senti tano. Nikawaeleza kwamba Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 88, imekwisha kulimaliza suala hili. Pale ambapo sehemu tu ya jengo imepangishwa, ni wajibu wa mwenye jengo kuliweka paa katika hali nzuri, na kuta za nje na kuta kuu, na mifereji mikuu ya maji machafu, pamoja na sehemu na vifaa vinavyotumiwa na wote. Wajibu huo umo ndani ya mkataba wa pango hata kama mkataba wenyewe haukuutaja. Kifungu kinachofuata, cha 89, kinamtaka mpangaji atunze kile alichokipanga. Chumba changu nimekipanga. Bomba la uani sikulipanga.

Ndugu msomaji, yote hayo ni kweli, na mpaka leo sijayatangua. Wenzetu wa Kenya waliandika maneno yanayokaribiana nayo katika Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012, na Uingereza ina sheria ya mwaka 1985 inayomtwika mwenye nyumba matengenezo ya mabomba ya maji machafu katika pango za muda mfupi. Mantiki yake ni moja: mpangaji huja na kuondoka, bomba hubaki, na asiyeruhusiwa kuvunja sakafu hawezi kudaiwa kilicho chini yake.

Nikaandika barua kwa mwenye nyumba, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Ilikuwa barua nzuri. Niliisoma mara mbili kwa sauti kabla ya kuitia sahihi. Kisha nikapanda zangu ngazi, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Siku tano zikapita. Katika siku hizo tano mama yule aliziba tundu la bafu lake kwa mfuko uliojazwa mchanga. Watoto wake walikwenda kuogeshwa nyumba ya pili. Wateja wake wa samaki walipungua, kisha wakakoma, maana nani atanunua sato mahali ambapo harufu yake inashindana na ya choo? Siku ya nne alitoa shilingi elfu arobaini kutoka katika mtaji wake, akawapa vijana wawili wachote maji chembani kwa ndoo. Waliyachota usiku. Waliyapeleka wapi sikuuliza, ingawa nilijua: yalimwagwa katika mtaro, na mtaro huo unaingia Mirongo, nao Mirongo unaingia ziwani.

Jioni ya siku ya tano tulikutana kwenye ngazi. Alikuwa amebeba ndoo ya maji safi. Aliniamkia kama kawaida, kisha akauliza bila ya kejeli yoyote: "Mwandishi, ile barua yako imejibiwa?"

Nilisema bado. Akasema, "Haya, tungoje," akaendelea na ndoo yake.

Tangu siku ile nimelitafakari swali lake. Haki nilikuwa nayo mimi, na maji yalikuwa kwake. Nilikuwa nimeshinda hoja ambayo gharama yake ilikuwa ikilipwa na mtu mwingine. Ningeweza kuitetea sheria ile ile huku nikitoa shilingi elfu kumi na tano, nikaandika katika daftari kwamba ni mkopo kwa mwenye nyumba mpaka atakapoulipa, na mama yule angelala pakavu. Fikira hiyo haikunijia. Aliye pakavu hafikiri haraka.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemleta mwenye nyumba. Sijui walizungumza nini, lakini siku ya saba alifika pamoja na fundi, naye alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Fundi alifunua chemba zote tatu. Ya kwanza na ya pili zilijaa. Ya tatu, iliyo karibu na barabara, ilikuwa kavu. Hilo peke yake lilikuwa jibu la nusu ya ugomvi wetu, kwani lilionyesha kwamba bomba la mji halina kosa. Kilichoziba kilikuwa ndani ya kiwanja, kati ya chemba ya pili na ya tatu; yaani chini ya vile vyumba viwili vya nyongeza.

Akaingiza mianzi yake ya kuzibulia. Ikafika mahali ikagoma. Sakafu ikavunjwa. Tukakuta kwamba siku vyumba vile vilipojengwa, kipande cha bomba la inchi nne kiliondolewa na mahali pake pakawekwa la inchi tatu, likaungwa kwa saruji, na msingi wa ukuta ukaketi juu yake. Mdomo wa kiungo ulikuwa umebaki na ukingo ndani, kama kizingiti cha mlango. Mafuta ya samaki yalikuwepo, lakini yalikuwa machache mno. Kilichokuwa kimekwama kwenye kizingiti kile, na kuukusanya uchafu wa milango minane, kilikuwa kipande cha kitambaa.

Fundi alikivuta kwa ndoano, akakitupa uani. Kilikuwa kitenge chenye ndege wa njano.

Watu wakapiga kelele. "Si tulisema! Nguo za pacha hizo!" Mama yule alikuwa amesimama mlangoni pake. Alikitazama kile kitambaa, akainua macho akanitazama mimi, kisha akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimekitambua kabla hakijatua chini. Kilikuwa kitenge cha zamani cha mke wangu, alichokipasua vipande vya kufutia sakafu. Na mwanangu wa miaka mitatu, kwa muda mrefu, alikuwa na mchezo wa kutumbukiza vitu chooni. Nilikitambua, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kosa kubwa ni la bomba lililobanwa, kwamba kitambaa kingepita salama kama njia ingekuwa ya inchi nne. Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nimekwenda mbali zaidi ya nyani: nililiona na nikalifunika.

Usiku mke wangu aliniuliza, "Ulikiona kile kitenge?"

"Nilikiona."

"Ulisema?"

Sikumjibu. Alizima taa.

Ilinichukua siku mbili kushuka zile ngazi kumi na nne. Nilimkuta mama yule akisugua karai lake tayari kwa kuanza biashara upya. Nilimwambia kwamba kitambaa kile ni cha nyumbani kwangu, na kwamba nitawaambia wote. Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Nilijua tangu siku ile. Kimeanikwa kwenye kamba yetu miezi mingapi?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema pale pale, akajiokoa na lawama.

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Wewe ndiye mwenye barua."

Jumapili ile niliwakusanya wapangaji na mwenye nyumba, nikayasema. Hapakuwa na kelele; pengine kimya kile kilikuwa kizito zaidi. Kisha tukagawana mzigo kwa namna ambayo mpaka leo naiona ni ya haki. Mwenye nyumba alilipa bomba jipya la inchi nne, uchimbaji na sakafu, kwa sababu kasoro ilikuwa ya jengo na ilitokana na ujenzi wake. Mimi nililipa ujira wa kuzibua, shilingi elfu themanini, na nikamrudishia mama yule elfu arobaini zake. Jumla laki moja na ishirini: mara nane ya kile nilichokikataa. Faida ya samaki aliyoipoteza kwa wiki nzima haikulipwa na mtu yeyote, wala yeye hakuidai.

Msomaji mpenzi, kutokana na kisa hiki nathubutu kusema kwamba swali la nani alipe lina majibu matatu, na tunagombana kwa sababu tunalitafutia jibu moja. Bomba kuu la barabarani ni mzigo wa mamlaka ya maji. Likiziba, hakuna mpangaji wala mwenye nyumba wa kuchangishwa, kinachotakiwa ni kutoa taarifa. Bomba la pamoja lililo ndani ya kiwanja, pamoja na uchakavu wake na kasoro za ujenzi wake, ni mzigo wa mwenye jengo. Na kitu kilichotumbukizwa na mtu anayejulikana ni mzigo wa mtu huyo. Asipojulikana, mzigo hurudi kwa mwenye jengo. Hauwezi kumwangukia aliye karibu na tundu, eti kwa sababu anatuhumiwa zaidi au ana sauti ndogo zaidi.

Zamani mambo haya yalikuwa na mlango wa kubisha. Majumba mengi ya katikati ya miji yetu yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Leo wengi wetu tumo katika nyumba za watu binafsi, na mikataba yetu, kama ipo, ni ukurasa mmoja unaotaja kodi na tarehe tu. Hapana budi ukurasa huo uongezwe. Kabla ya kutia sahihi, muulize mwenye nyumba chemba ziko wapi na zilisafishwa lini. Yaandikwe matengenezo ya bomba la pamoja ni ya nani. Na yaandikwe pia kwamba ikitokea dharura wapangaji wanaweza kutanguliza fedha, wakapewa stakabadhi, na fedha hizo zikakatwa katika kodi inayofuata. Usikate kodi kwa uamuzi wako mwenyewe bila ya maandishi hayo, maana unaweza kuigeuza haki yako kuwa deni.

Ikishindikana, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kama ilivyokuwa kwetu. Mwite pia afisa afya wa kata. Maji taka yanayofurika ni kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na yeye ana uwezo wa kuamuru yaondolewe. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi hupatanisha tu wala halihukumu. Lakini upatanisho ndio unaotakiwa na watu watakaoendelea kutumia ngazi moja. Mwisho wa yote lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila nakuomba ukumbuke kwamba njia hiyo ni ndefu, na katika muda wote utakaokuwa ukiipita kuna mtu anayelala karibu na tundu. Mwanzo wa kudai haki ni kumwondoa huyo majini.

Nasi Wanamwanza tuna sababu ya ziada. Katika vilima kama Igogo na Mabatini, mahali ambapo gari la kunyonya maji taka haliwezi kupanda, nyumba zimeungwa kwa mabomba madogo yanayopita kati ya mawe, na majirani wanatumia chemba za pamoja. Ni maendeleo yanayofaa kushukuriwa, lakini yanazidisha idadi ya watu ambao taka zao zinapita mlangoni kwa wenzao. Na huko mbele yetu sote lipo Ziwa Victoria. Maji waliyoyachota vijana wale usiku yalishuka huko, na maji ambayo mama yule aliyabeba kwenye ndoo yake safi yalitoka huko huko, kupitia mitambo ya Capri Point na Butimba. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoenea katika mikoa mingi ya nchi yetu, Mwanza ikiwemo, hakikuuliza nani anakaa juu na nani anakaa chini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bomba methali hugeuka: usipozibua leo, kesho utavunja sakafu. Kwetu sasa daftari lile la shule linatunzwa na mimi. Kila mwisho wa miezi mitatu tunafunua chemba zote tatu, tunatazama, tunaandika tarehe. Mwanangu amekatazwa kufika chooni bila ya mtu mzima. Na jioni, nikirudi kazini, hununua sato wawili barazani kabla ya kupanda ngazi. Mama yule hunifungia katika gazeti, na kila mara huniuliza, akitabasamu kidogo, kama siku hizi ninaandika barua yoyote.